Nyumba haipumui, inavuja

Kazi yangu ni kupima nyumba inavuja hewa kiasi gani, halafu tunaziba nyufa. Juzi tena. Nimeshafunga fremu mlangoni, kitambaa cha nailoni kimekaza, feni imekaa kwenye tundu lake, nataka tu kuwasha, mama mwenye nyumba akanishika mkono. "Mwanangu, nyinyi si ndio mnaziba kila kitu? Nyumba lazima ipumue. Hawa watoto watakosa hewa humu." Nilimjibu kwa heshima kwa sababu ni mama wa kumwamkia shikamoo, lakini jamani hii sentensi nimeisikia kwa Wakenya, kwa Watanzania, kwa Wakongo, na hata kwa mafundi wa hapahapa Minnesota, Marekani, ambao kazi yao ni kujenga. Leo naiandika yote, nikiulizwa tena natuma linki.

Najua imetoka wapi. Mimi nimezaliwa Mombasa, nyumba yetu ilikuwa na zile venti juu ya kila dirisha, matofali ya matundu jikoni, na usiku upepo wa bahari unapita chumba hadi chumba mpaka pazia linanyanyuka. Kule nje nyuzi 28, ndani nyuzi 28, hewa ikipita ni raha tupu na haikugharimu kitu. Na jiko la mkaa ukilifungia ndani linaua, kwa hiyo wazazi walipotukataza kuziba walikuwa na haki kabisa. Lakini hapa Januari nje inafika nyuzi 25 chini ya sifuri na ndani wewe unataka 20. Ni hesabu nyingine.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Feni inavuta hewa kutoka ndani mpaka tofauti ya presha kati ya ndani na nje ifike paskali 50, ni kama upepo wa kilomita 30 hivi kwa saa unaipiga nyumba pande zote kwa pamoja. Manometa, yaani kifaa cha kupima presha, inanisomea feni inavuta kiasi gani kuishikilia hapo, na kinachotoka kwenye feni ndicho kinachoingia kwenye nyufa. (Kama una meko ya kuni zoa majivu kabla sijafika, la sivyo yatakuja sebuleni yote.) Kwa yule mama ilisoma futi za ujazo 3,000 kwa dakika. Nyumba yake na besimenti (chumba cha chini ya ardhi) ni futi za ujazo 15,000. Zidisha 3,000 kwa dakika 60, gawanya kwa 15,000, unapata 12, yaani kwa presha ile hewa yote ya nyumba inabadilika mara 12 kwa saa. Nyumba mpya hapa haitakiwi kuzidi 3. Zile za Passive House, kiwango cha nyumba zinazotumia joto kidogo sana, ni 0.6.

Sasa sikiliza hii ya kupumua, maana ndiyo inayonichosha. Kupumua ni kuvuta hewa unapoihitaji, kwa kiasi unachohitaji, kutoka mahali pasafi. Ufa haufanyi hata kimoja. Hewa inapita kwenye ufa kwa sababu ya upepo au kwa sababu hewa ya joto inapanda, inatokea juu darini, na ikitoka inavuta ya baridi kwa chini. Kwa hiyo usiku wa baridi kali, wakati kila tone la joto unalilipia, ndipo nyumba "inapumua" kwa nguvu kuliko siku zote. Halafu inakuja Mei, nje na ndani sawa, upepo hakuna, watoto watatu na wageni sebuleni, na kwenye nyufa haiingii karibu chochote! Siku unayoitaka hewa hakuna, siku usiyoitaka inamwagika.

Na hewa ya kwenye nyufa inatoka wapi? Nilimpa mama kalamu ya moshi aishike mwenyewe kwenye mlango wa gereji feni ikizunguka. Moshi ulilala ukaingia ndani moja kwa moja. Gari wanaliwasha asubuhi humohumo gerejini lipate joto, basi hiyo ndiyo hewa "safi" inayopumuliwa. Nyingine inapanda kutoka besimenti, na udongo wa Minnesota una radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana inayoleta saratani ya mapafu, karibu nyumba mbili katika tano zinazopimwa hapa zinazidi kiwango cha kuchukua hatua. Nyingine inapita kwenye insulesheni, ile sufi ya kuzuia joto lisitoke, iliyojaa mavi ya panya. Na lile la watoto kutoka damu puani kila Januari, watu wananunua mashine ya unyevu ya pili na ya tatu, wakati ukavu wenyewe unaletwa na hewa ya nje inayoingia kwa wingi, ikipata joto inakuwa kavu kabisa.

Unyevu wenu nao uko wapi? Panda darini. Pale kwa mama ncha za misumari ya paa zilikuwa zimevaa barafu nyeupe, kila msumari na kofia yake, ni mvuke wa ugali na wa bafuni uliopanda kwenye matundu ukagandia juu. Machi ikiyeyuka dari inalowa wanaita fundi wa paa. Paa halina kosa.

Halafu madirisha. Watu wanakopa wabadilishe madirisha yote kwa sababu wanahisi baridi pale, na mara nyingi lile ni kioo baridi tu, hewa inayokigusa inapoa inashuka. Presha ya joto kupanda inasukuma zaidi juu kabisa na chini kabisa, kwa nyumba ya ghorofa mbili ni paskali kadhaa kila upande wakati wa baridi kali, katikati ni karibu sifuri. Tundu la bomba linalotokea darini linavuja mchana na usiku majira yote ya baridi, dirisha la katikati halina haraka.

Na hapa kuna udhaifu wa kipimo changu, maana feni kwa paskali 50 inayahesabu matundu yote sawa, haijui lipi liko juu lipi liko katikati. Wapo wanaogawanya kwa 20 kupata uvujaji wa siku za kawaida bila feni, na mimi hugawanya nikiongea na watu, 12 inakuwa 0.6, ila kwa nyumba moja moja siiamini hiyo hesabu. Inategemea urefu wa nyumba, miti inayoikinga, baridi ya mahali. Siku ya upepo manometa inarukaruka, nimewahi kupima nyumba ileile siku mbili nikapata namba mbili. Ndiyo maana ukiniuliza bili itashuka dola ngapi siwezi kukuahidi.

Sehemu moja wazee wana haki kamili, nayo ni hita ya maji ya gesi ya kizamani, ile yenye bomba la moshi linalopanda lenyewe. Ukiziba nyumba, ukawasha feni ya jikoni na dryer (mashine ya kukaushia nguo) kwa pamoja, moshi unaweza kurudi ndani na CO iliyomo, kaboni monoksaidi, ile gesi inayoua, haina harufu. Napima bomba kabla na baada ya kuziba, na bado nikiondoka najua nimepima siku ile tu, kwa upepo wa siku ile. Bora hita inayovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake. King'ora cha CO lazima kiwepo hata hivyo.

Hewa mnaleta kwa mashine. Mhandisi Harold Orr na wenzake walipojenga nyumba ya mfano ya kuokoa joto huko Regina, Kanada, mwaka 1977, waliiziba kisawasawa na wakaweka mashine ya kubadilisha hewa, chafu inatoka, safi inaingia, zinapishana bila kuchanganyika na joto linabaki ndani. Miaka yote hiyo!

Mwisho nilimpeleka mama chini, kwenye boriti za pembeni juu ya ukuta wa besimenti, nikamwambia weka mkono hapa. Aliuweka akautoa hapohapo. "Kumbe hii ndiyo inayonila miguu jikoni miaka yote?" Ndiyo, mama. Alhamisi tunarudi, kwanza mashine ya hewa na hita, halafu ndio povu la kuziba nyufa.