Mama alifanya nini? Dhana potofu kuhusu mtoto anavyojengeka tumboni

Mtoto akizaliwa na kasoro hapa Lubumbashi, maneno huanza kabla mama hajatoka materniti. Alikula nini? Alimcheka nani? Alimkosea mama mkwe wapi? Kiinitete, yaani mtoto katika wiki zake za mwanzo tumboni, kina kalenda yake, na ukiisoma hiyo kalenda, mengi ya maneno haya hayana pa kusimama. Ninayoyajibu hapa ni yale yanayosikika Katuba, Ruashi na Kenya (mtaa wetu, siyo nchi).

"Alimcheka kilema, ndiyo maana mtoto ana mdomo sungura."

Mdomo wa juu hujengwa na vipande vinavyotoka pembeni na katikati ya uso, vikakutana na kuungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa hufuata, hadi kama wiki ya 9. Kwa hiyo mama aliyemcheka mtu akiwa na tumbo la miezi mitano alikuwa na adabu mbaya, basi. Mdomo wa mtoto wake ulishaungana zamani, au ulishabaki wazi. Chanzo huwa ni mchanganyiko wa urithi na mazingira, kama vile sigara na baadhi ya dawa, na mara nyingi hakuna anayeweza kukionyesha kwa kidole. Upasuaji unaurekebisha.

"Mgongo wazi ni ulozi."

Hapa kalenda inabana zaidi. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa, ukajikunja na kuwa mrija, na mrija huo hufunga kufikia siku ya 28 baada ya yai kurutubishwa. Pasipofunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Sasa hesabu: siku hiyo ya 28, hedhi ya mama imechelewa kwa wiki mbili tu. Wengi hudhani ni malaria, au uchovu wa soko.

Ndiyo sababu vidonge vya asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki mwezi wa nne au wa tano, ingawa vinasaidia damu, haviwezi tena kuufunga mgongo. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza lilionyesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto wa namna hii, wakitumia asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, hupunguza hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Kwa wengine, shauri la kawaida ni maikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya mimba. Lengalenga na maharage navyo vina foliki, lakini peke yake mara nyingi havitoshi. Na anayetumia valproate kwa kifafa amwone daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari. Asiiache kwa kujiamulia.

"Kazi ya baba inaisha usiku ule."

Dhana hii, kwamba mengine yote, hata jinsia ya mtoto, ni ya mama, ndiyo inayonikera kuliko zote, maana juu yake ndoa zinavunjika. Mwanaume anaoa wa pili kwa sababu wa kwanza "anazaa wasichana tu". Yai la mama daima hubeba kromosomu (kifurushi cha urithi) iitwayo X. Mbegu ya baba hubeba X (msichana) au Y (mvulana), na hiyo ndiyo inayoamua. Nettie Stevens alilionyesha jambo hili mwaka 1905 akichunguza wadudu wa unga, na jeni inayoanzisha ujenzi wa korodani ikatambuliwa mwaka 1990. Mpaka karibu wiki ya 6, tezi za uzazi za kiinitete cha kike na cha kiume hazitofautiani kwa umbo. (Wabemba, ambao ukoo wao hupita kwa mama, wangeuliza kwanza wasichana tu wana ubaya gani.)

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa mji wa shaba na kobalti. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Lubumbashi, ukilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na wale wasio nazo. Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni kazi ya baba: akiwa na kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa mara 5.5. Kadirio hilo ni pana, mara halisi zinaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25, na utafiti wa aina hiyo haumwambii mzazi mmoja mmoja kwa nini mtoto wake alizaliwa hivyo. Ila unatosha kuhamisha swali.

Mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo alichokutana nacho mwanaume miezi miwili mitatu kabla ya mimba kinaweza kuwa na uzito. Halafu kuna vumbi. Mtazame mtu anayerudi kutoka shimoni jioni: overoli ina vumbi hadi kwenye kola, mtoto anamrukia magotini, mke anaikung'uta overoli ukutani kabla ya kuiloweka kwenye beseni lile lile la nguo za nyumbani. Kama kuna uwezekano, nguo za kazi zibaki kazini. Kama hakuna, zivuliwe nje, zisikung'utwe zikiwa kavu, zifuliwe peke yake.

Na pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito hununua sokoni? Unaweza kuwa na madini ya risasi, na unaweza kuzuia chuma kufyonzwa. Hamu ya kuula huenda ni dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo pima damu.

"Kondo la nyuma huchuja sumu zote."

Haichuji. Thalidomide, dawa ya kutuliza waliyopewa pia wajawazito, ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ikaondolewa mwaka 1961, na watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa wamedhurika, wengi mikono au miguu ikiwa mifupi mno. Pombe nayo hupita, iwe bia ya chupa au lutuku.

"Tumboni mtoto anakuwa samaki kwanza, halafu nyani."

Haya yametoka kwa Ernst Haeckel, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, ambaye michoro yake ilizidisha mfanano. Baadhi ya wahubiri hulishika kosa hilo na kusema basi mageuzi ya viumbe yote ni uongo, jambo ambalo halifuati. Kiinitete hakipitii wanyama wazima. Kinafanana na viinitete vya wanyama wengine, hata Karl Ernst von Baer, aliyegundua yai la mamalia mwaka 1827, aliwahi kusahau kuandika majina kwenye viinitete viwili na akashindwa kujua kama ni vya mjusi, ndege au mamalia. Matao ya shingoni ambayo kwa samaki huwa mashavu ya kupumulia, kwetu hutoa taya, mifupa midogo ya sikio na gegedu za koo.

Ushahidi mzuri wa mageuzi hayo anao okapi wetu wa Ituri, jamaa wa twiga. Neva ya koromeo lake, kama ya twiga na kama yako, hushuka hadi kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo ipande tena kooni. Hakuna fundi angeivuta hivyo. Katika kiinitete moyo uko karibu na koo, njia ni fupi. Moyo ukishuka na shingo ikirefuka, neva huburutwa.

"Makondo mawili, basi si mapasa wa yai moja."

Takriban theluthi moja ya mapasa wa yai moja wana makondo mawili. Yai likigawanyika ndani ya siku kama 3 za mwanzo, Mbuyi na Kabanga (majina tunayowapa mapasa) kila mmoja anapata lake. Likigawanyika baadaye kidogo wanashiriki kondo, na likichelewa kupita siku ya 13 hivi wanaweza kubaki wameungana.

Hesabu hiyo ya mapasa ndiyo mojawapo ya sababu za kanuni ya siku 14, iliyopendekezwa na kamati ya Uingereza iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock mwaka 1984 na kuwa sheria Uingereza mwaka 1990: kiinitete cha maabara hakifanyiwi utafiti kupita siku hiyo. Wapo wanaodhani sayansi ilitamka kwamba kabla ya hapo hakuna mtu. Haikutamka hivyo. Kamati ilichagua mstari ambao watu wenye imani tofauti wangeweza kuuheshimu, karibu na siku ambayo mhimili wa mwili huanza kuonekana. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) kililegeza msimamo wake, nayo sheria ya Uingereza ikabaki pale pale.