Kushoto na kulia havikuanzia kwenye uchumi

Imezoeleka kusemwa kwamba mrengo wa kushoto maana yake ni serikali kumiliki uchumi, na wa kulia ni soko huria. Maelezo hayo ni mepesi mno, na historia haiyaungi mkono.

Istilahi hizi zilizaliwa Versailles mwaka 1789, Bunge la Taifa la Ufaransa lilipojadili iwapo mfalme apewe kura ya turufu dhidi ya sheria zitakazopitishwa na wabunge. Waliotaka mamlaka yake yalindwe walijikusanya kuliani mwa mwenyekiti, na waliotaka yapunguzwe wakakaa kushoto. Ugomvi ulihusu taji, Kanisa na upendeleo wa makabaila. Umiliki wa viwanda haukuwa hoja.

Tena, upande huohuo wa kushoto, uliounga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, ndio uliovunja mwaka 1791 vyama vya mafundi vilivyodhibiti nani afanye kazi gani, kwa jina la uhuru wa kufanya kazi, na sheria ya Le Chapelier ya mwaka huo ikawakataza wafanyakazi kuungana kudai ujira. Frédéric Bastiat, mtetezi mkubwa wa biashara huria, alikaa kushoto katika bunge la Ufaransa lililofuata mapinduzi ya 1848. Kwa upande mwingine, bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi wa Ujerumani ililetwa mwaka 1883 na Kansela Bismarck, kiongozi wa serikali na mhafidhina asiyetiliwa shaka, ambaye, ni haki kukiri, alitaka pia kuwapokonya wasoshalisti wafuasi wao.

Suala la umiliki wa mali lilitawala mgawanyo huu baadaye, vyama vya kisoshalisti vilipopata nguvu.