Maji Moto, Hewa Haba: Maswali Kuhusu Samaki Wachanga

Kwa nini oksijeni hupungua maji yanapopata joto?
Gesi haikai vizuri kwenye maji moto. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7.5 tu. Balaa ni kwamba joto hilohilo huuchangamsha mwili wa samaki, nao ukadai oksijeni zaidi.

Mbona samaki wakubwa huishi humohumo?
Mkubwa ana matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, na akibanwa huhama. Yai litahamia wapi? Kiinitete, yaani samaki anayeanza kuumbika ndani ya yai, hutegemea oksijeni inayopenya polepole kwenye utando wa yai, basi. Maji yakituama, au tope likilifunika yai, oksijeni ya karibu huliwa ikaisha kabla nyingine haijafika. Ndiyo maana samaki wa aina fulani hulinda mayai yao wakiyapepea kwa mapezi. Hata baada ya kuanguliwa, kifaranga hupumua kwanza kwa ngozi, maana matamvua yake hayajakomaa.

Je, madhara ni kifo tu?
Hapana, na mimi naona wanaopona ndio wa kuangaliwa zaidi. Joto huharakisha ukuaji: kifaranga huanguliwa mapema, mara nyingi akiwa mdogo, kisha humaliza upesi akiba ya kiini cha yai kabla hajajua kutafuta chakula. Uhaba wa oksijeni, kinyume chake, hukwamisha ukuaji, huvuruga moyo na unaweza kupindisha uti wa mgongo. Kwa baadhi ya samaki hata jinsia huguswa: sato wachanga wakikaa wiki kadhaa kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, mara nyingi madume huongezeka.

Mfugaji afanye nini?
Apime oksijeni alfajiri, si mchana. Usiku mimea na mwani havitengenezi oksijeni bali huitumia, hivyo kiwango huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Apunguze pia chakula kinachobaki, kwa kuwa kikioza hula oksijeni.

Samaki aliyekulia maji hayo ana madhara kwa mlaji?
Kukosa oksijeni hakuachi sumu kwenye nyama. Lakini samaki waliokutwa wamekufa wakielea wasiliwe: kwa macho huwezi kujua kama waliuawa na ukosefu wa hewa, mwani wenye sumu au kemikali.