Uvimbe Unaopiga Shoti Usikatwe Kabla ya Kujulikana

Si kila uvimbe laini chini ya ngozi ni wa mafuta. Upo unaoota kwenye ala ya neva, yaani utando unaofunika mshipa wa fahamu, na ukigongwa kwa ncha ya kidole hupiga shoti hadi mkononi au mguuni. Hucheza kushoto na kulia, lakini hausogei kufuata urefu wa neva iliyoushika. Nawaomba wenzetu wa vituo vya afya vya ngazi ya nne hapa Uganda, wenye vyumba vya upasuaji, kidole kitangulie wembe.

Anayedhani anatoa mafuta au tezi ya shingoni anaweza kukata neva nzima. Fundi cherehani wa Kampala aliyekuja na uvimbe usio saratani ataondoka na vidole visivyoshika sindano. Inauma, maana lingeepukika.

Ultrasaundi huanza kutuonyesha, MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hutupa picha kamili. Ni gharama, na kwa wengi ni safari ndefu, ila kabla ya kupasua neva kubwa sioni njia ya mkato. Kuuchoma uvimbe kwa sindano kutoa kinyama cha kupima hufanyika tu kwa wale tunaowashuku kuwa na saratani.

Shwanoma, aina moja ya uvimbe huu wa ala ya neva, hukua polepole ikisukuma nyuzi za neva pembeni. Daktari hupasua utando kwa kufuata urefu wa neva, akitumia hadubini na kifaa cha umeme mdogo kinachomwonyesha nyuzi zinazoendesha misuli, kisha huumenya uvimbe kama njugu kutoka gandani. Neva hubaki. Nyurofibroma, aina nyingine ya uvimbe wa neva, ni ngumu zaidi kuitoa kwa sababu imefumana na nyuzi zenyewe. Isipoumiza wala kukua, mara nyingi heri kuifuatilia tu.

Mtoto mwenye madoa 6 au zaidi ya rangi ya kahawa ya maziwa apelekwe kwa daktari. Huenda ana ugonjwa wa kijenetiki uitwao NF1, unaootesha nyurofibroma mwilini na kumpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Karibu nusu yao hawakurithi kwa mzazi yeyote. Hauambukizi, wala si kurogwa. Tafadhali msimchanje kwa wembe.

Uvimbe ukianza kukua haraka, kuuma usiku au kulegeza kiungo, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo mapema, na ulete majibu yote ya zamani.