Je, wajua kwa nini kasri la Stokesay bado limesimama?

Huko Shropshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, kuna kasri dogo la mashambani liitwalo Stokesay. Paa la ukumbi wake bado limebebwa na miti iliyokatwa miaka ya 1280. Wengi husema limedumu kwa sababu ya mnara, handaki na kuta nene: adui alikuja, akashindwa, akarudi kwao.

Sivyo. Aliyelijenga, Laurence wa Ludlow, hakuwa mtu wa vita. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, tajiri wa kutajika, aliyelipata shamba hilo mwaka 1281 kwa fedha yake. Kibali cha kulizungushia ngome alipewa na Mfalme Edward I mwaka 1291. Lakini tazama madirisha ya ukumbi: marefu, mapana, mengine yakielekea nje kabisa. Anayehofia mishale hajengi hivyo. Mnara wa kusini ni imara kweli, na mpaka ule ulikuwa na misukosuko yake, kwa hiyo tusiseme yote yalikuwa mapambo. Hata hivyo fahari ilikuwa na sehemu kubwa. Laurence mwenyewe alikufa maji mwaka 1294, melini pamoja na sufu yake. Wafugaji waliomlaumu kwa ushuru mpya wa sufu hawakumlilia sana.

Na jeshi lilipofika kweli, mwaka 1645 wakati wa vita vya Mfalme na Bunge, walinzi walisalimu amri bila mapigano. Baadaye Bunge likaamuru ukuta wa nje ubomolewe. Yaani sehemu ya ulinzi ndiyo iliyoondoka, nyumba ikabaki!

Wamiliki nao hawakupokezana kwa upanga. Uzao wa Laurence ulikaa miaka mia mbili, kisha ndoa ikalipeleka kasri kwa ukoo wa Vernon, madeni yakawalazimisha kuuza mwaka 1598, na mwaka 1620 likanunuliwa na akina Craven.

Hapa ndipo penye jibu. Akina Craven walikuwa na majumba mengine, hivyo Stokesay ikapangishwa, na hatimaye ikawa ghala la wakulima na karakana ya mapipa. Mwenye mali anayeishi ndani huvunja ukumbi wa kale ili ajenge wa kisasa. Mpangaji hana fedha hiyo, ila anahitaji nafaka yake isilowe, kwa hiyo huziba paa.

Paa ndilo roho ya jengo. Nyumba ya udongo ikiezuliwa makuti, masika mawili tu kuta zinaanza kumeguka kutoka juu. Mawe nayo hufuata njia hiyohiyo, polepole zaidi: maji hupenya kileleni mwa ukuta, hulainisha chokaa, kisha baridi ya Uingereza huyagandisha, yakatanuka na kusukuma mawe. Boriti huoza pale zinapoingia ukutani, sakafu huanguka. Ukumbi wa Stokesay ulifunikwa. Mnara wa kusini haukuwa na bahati hiyo: moto wa mwaka 1830 uliteketeza sakafu zake.

Mwaka 1869 mtengenezaji glavu, John Derby Allcroft, alilinunua pamoja na shamba zima. Alilikarabati bila kulibadilisha, wala hakuhamia humo. Alijijengea jumba jipya jirani, Stokesay Court, lenye taa za umeme. Kasri likaja kukabidhiwa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale ya Uingereza, mwaka 1992.