Kabla hujanunua eSIM ya safari, piga kwanza *#06#

Kila safari za hija zinapokaribia, na kila mtu wa korosho anapojiandaa kwenda India au Vietnam kuonana na wanunuzi, kwenye dawati letu la tehama hapa chuoni Mtwara swali linakuja lilelile: mwalimu, nasikia kuna laini ya kupakua kwenye simu, ninunue ya kampuni gani? Na mara nyingi anayeuliza ashafungua apu, ashaona bei, kidole kipo kwenye kitufe cha kulipa. Mi huwa namwambia subiri kwanza ndugu yangu, tuanze na simu yako, bei tutaifikia.

eSIM ni laini kama laini nyingine, tofauti yake ni kwamba hakuna kadi ya kuchomeka, kuna chipu imeshaunganishwa humo ndani ya simu tangu kiwandani na unachonunua ni taarifa za mtandao zinazoingia kwenye hiyo chipu kwa kuskani QR kodi. Sasa kama simu haina chipu hiyo umenunua hewa, na kurudishiwa hela si rahisi. Piga *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, angalia kama kuna na mstari mwingine umeandikwa EID, namba ya ile chipu ya eSIM, huo una tarakimu 32. Ukiuona, kwa kawaida simu yako inakubali eSIM. Usipouona ingia kwenye setingi za laini uangalie kama kuna sehemu ya kuongeza eSIM. iPhone zilianza nayo mwaka 2018 kwa XS na XR, Google Pixel za kuanzia 3 nyingi zinayo, Samsung za familia ya S kuanzia S20 nyingi zinayo ila inategemea ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi gani. Simu nyingi za bei ya chini tunazotumia huku kwetu hazina, na hilo si tatizo, mwenye simu hiyo akifika atanunua laini ya kadi kulekule uwanja wa ndege, aende na pasipoti yake tu.

Hapa niongee na walionunua iPhone za mtumba maana ndo wanaumia zaidi. iPhone 14 na kuendelea zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa tundu la kadi, hizo ni eSIM tupu. Nyingi za soko la China zenyewe ni kinyume chake, zina nafasi mbili za kadi na eSIM hazina. Alafu kuna zile zilizofungiwa mtandao wa kampuni moja ya huko zilikotoka, hata ukiwa na EID laini ya kampuni nyingine haitashika. Ingia setingi, sehemu ya General kisha About, ukikuta pameandikwa No SIM restrictions upo salama.

Simu ikishapita mtihani huo linakuja jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike, na naomba tulisikilize vizuri jamani: eSIM nyingi za safari ni za data tupu, hazina namba ya simu, kwa hiyo haiji kuchukua nafasi ya laini yako ya nyumbani. Kuna mama mmoja nilimsaidia kwa mbali, alikuwa amempeleka mwanae kwenye matibabu India, kabla ya kuondoka akaitoa laini yake akaiacha Ligula hapa Mtwara kwa dada yake eti isimkate hela, akaweka eSIM, intaneti safi kabisa, WhatsApp inaongea. Siku ya kulipa hospitali benki ikatuma namba ya siri kwa meseji, meseji ikaingia Ligula. Ilibidi dada mtu awe anaamka usiku kumsomea namba, na zile namba zinakufa ndani ya dakika chache, walihangaika siku mbili na mtoto kalazwa.

Kwa hiyo laini yako ibaki ndani ya simu, imewashwa. Kabla hujaondoka piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe wawashe roming, yaani laini yako iweze kutumia mitandao ya nchi nyingine, na uulize gharama zake kwa nchi unayokwenda, kwa kawaida kupokea meseji ni bure lakini kupokea simu unakatwa wewe mpokeaji, waambie nyumbani wapige WhatsApp. Menyu za pesa za simu kama *150*00# usizitegemee sana ukiwa nje, weka apu ya huduma yako ya pesa na uijaribu ungali hapa. WhatsApp ikikuuliza kama unabadilisha namba kataa, inaendelea na namba yako ileile.

Baada ya hapo kwenye setingi, data iwe ya eSIM na roming ya data iwashwe kwenye eSIM, nyingi hazifanyi kazi bila hiyo, ila kwenye laini ya nyumbani roming ya data izimwe, na kile kipengele kinachoruhusu simu kubadili laini ya data yenyewe kizimwe pia. Watu wa mpakani wanajua vizuri ninachosema, ukiwa kando ya Ruvuma kule Kilambo simu inaweza kunasa mnara wa Msumbiji bila wewe kuvuka hata mguu, kama roming ya data iko wazi vocha inaondoka hivihivi.

Bei sasa. Usiangalie bei ya bando peke yake, angalia GB ngapi, siku ngapi, na siku zinaanza kuhesabiwa lini, kuna zinazoanza pale unapoweka na kuna zinazoanza unapokamata mtandao wa huko. Mfano tu, GB 5 kwa dola 15 ni dola 3 kwa GB, GB 10 kwa dola 22 ni dola 2.2, inaonekana nafuu, ila kama ile ya pili ni ya siku 7 na wewe unakaa siku 20 umeula wa chuya. Zile zinazosema hazina kikomo soma maandishi madogo, nyingi zina kiwango cha siku, ukikipita spidi inashuka mpaka picha haifunguki, na nyingine zinabana hotspoti, yaani kugawia simu au kompyuta nyingine intaneti. Mtu wa WhatsApp na ramani anaweza kwenda wiki nzima na GB 3, mtu wa video aelewe kwamba saa moja ya ubora wa kawaida inakula takriban nusu GB.

Angalia pia itatumia mtandao gani wa huko. Saudia kuna STC, Mobily na Zain, Msumbiji kuna Vodacom, Movitel na Tmcel, eSIM inayoshika zaidi ya mmoja ni bora, hasa kwa mahujaji maana pale Mina na Arafa watu ni wengi na minara inaelemewa. Wanaoenda Guangzhou kufunga mzigo, WhatsApp na Google zimefungwa kule kwenye laini za ndani, lakini eSIM ya safari ikiwa inapitisha data yake nje ya China huwa zinafungua, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Kituo cha kubadilishia ndege usikinunulie bando la dunia nzima, wai-fai ya uwanjani inatosha.

Iweke eSIM ungali nyumbani kwenye intaneti nzuri, maana inahitaji intaneti ili kuingia, na QR kodi iprinti au ihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine, maana kwenye simu nyingi ni shida kuiskani ikiwa ndani ya simu ileile. Nyingi zinaskaniwa mara moja tu, kwa hiyo ikigoma usikimbilie kuifuta, zima simu uwashe, angalia APN, ile setingi ya jina la kuunganishia intaneti ya mtandao, kisha wasiliana na muuzaji. Ifute ukishatua Dar na kurudisha data kwenye laini yako.