Kihamba cha baba hakikulishi peke yake

Kila Desemba mabasi yakipandisha watu Moshi, humkosi anayeapa kwamba mwakani anaacha kazi, anarudi kwenye kihamba cha marehemu baba yake, yaani shamba la urithi la Wachagga lenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba, ale vya shambani asinunue kitu. Wazo si baya. Tatizo ni yale anayoyaamini.

"Kihamba kiliwatosha wazee wetu." Hakikuwatosha. Kihamba kilitoa ndizi, magimbi, viazi vikuu, maziwa ya ng'ombe wa bandani na kahawa ya kuuza. Mahindi na ulezi wa mbege, ile pombe ya ndizi, vilitoka shamba la tambarare, huko chini kwenye joto, na akina mama ndio waliopanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Watafiti waliopima vihamba miaka ya 1980 walipata wastani wa hekta 0.68, kama ekari moja na robo tatu hivi. Tangu hapo wamegawana wana, kisha wajukuu. Ukirithi robo ekari, na shamba la chini lilishauzwa zamani, hujapata hata nusu ya walichokuwa nacho wazee. Kabla ya kununua hata jembe, shuka tambarare ukaulize nani anakodisha msimu wa masika.

"Baba alinionyesha mpaka, basi ni pangu." Masale, mimea inayopandwa mpakani, jirani anayaheshimu, lakini hayasimami badala ya mirathi. Ukoo uketi, upendekeze msimamizi, mahakama imthibitishe, ndipo mgawane. Kama ni ardhi ya kijiji, unaomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na usimruke dada yako kwa kisingizio kwamba ameolewa: sheria hiyohiyo haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi.

"Udongo wa mlima una rutuba yake, hauhitaji kitu." Ni udongo wa volkano, kweli, ila uliolishwa. Ng'ombe alikula majani na vigogo vya migomba, samadi yake ikarudi kwenye mashina. Banda likikaa tupu miaka kumi, mikungu inasinyaa. Kwa hiyo anza na banda, hata la mbuzi wawili, migomba mipya ifuate.

"Kahawa ng'oa, haina faida." Mibuni ya zamani huliwa na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, sikatai. Lakini kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, pale Lyamungo, kimetoa miche chotara inayostahimili yote mawili. Chumvi, sabuni na ada ya mtoto havioti shambani; hela yake itoke kwenye kahawa.

"Maji ya mfereji ni ya bure." Mfereji una wenyewe, una zamu, na una siku ya kuzibua matope. Siku hiyo ukituma hela badala ya kwenda na jembe lako, hela watapokea. Zamu yako itakuwa saa nane usiku.